Reli Mbili Zilizokosekana Kwenye Mchoro Wako

Mwanangu Ngoie,

Mama yako amekwisha kukuambia yote kuhusu sabuni, dawa za malaria na watu wasiostahili kufunguliwa mlango. Amekuambia mara tatu, na kesho stesheni atakuambia mara ya nne, kwa hiyo mimi hayo siyagusi. Sasa ni saa kumi alasiri. Yeye yuko uani anakaza kamba kwenye mzigo wako wa unga, wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa korali, na mimi nimekaa dirishani na kalamu yako uliyoiacha mezani. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Pasaka, na kila nikifungua kinywa natoa maneno ya mvua na jua.

Nataka kukuambia kuhusu mchoro wako.

Ule ulioukunja ndani ya bomba la plastiki, wa kanisa la zamani la kambi ya reli ya hapa Kamina, ambao unaupeleka Lubumbashi kuwaonyesha walimu watakaokufundisha kujenga. Ni mchoro mzuri. Nimekuwa mwashi wa reli ujana wangu wote, nimeshika michoro ya mainjinia wenye miwani minene, na sijaona mkono mtulivu kama wako. Lakini mchoro huo una kosa, na kosa lenyewe nimekupa mimi.

Unakumbuka tulivyopima. Ulikuwa kiangazi, majani yamekauka, tukaweza kupita mpaka ndani. Mimi nilishika ncha ya mita, wewe ukasoma namba na kuziandika kwenye daftari. Ulipofika katikati ya kanisa, pale paa linapokatika na anga kuanza, ulisimama ukatazama mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta alipoacha ufunguo.

"Papa, juu ya nini huku ku altare haikuanguka?"

"Mvua ilipiga upande wa mlango," nikasema.

"Na hizi bipande bya reli mu ukuta? Huku na kule, binaangaliana. Bilikuwa bya nini?"

"Sijue, mama. Ni mambo ya bazamani."

Ukaandika. Ukachora upande wa altare na reli zake mbili zinazopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, na upande wa mlango ukauacha mtupu, na pembeni ukaandika kwa herufi zako nzuri: sehemu hii ilianguka kwa mvua. Nilikutazama ukiandika. Kisha nikaomba twende nyumbani, nikasema goti linaniuma. Goti halikuwa linaniuma.

Reli zilikuwa nne, Ngoie. Mbili nilizikata mimi.

Ngoja nikuonyeshe kanisa lile kama lilivyokuwa, kwa sababu wewe umelijua likiwa gofu, na gofu humfanya mtu afikiri jengo lilizaliwa limechoka. Lilijengwa na wafanyakazi wa reli wa kwanza, watu waliotoka huku na kule, kila mmoja na lugha yake nyumbani na Kiswahili kazini. Matofali waliyachoma wenyewe kwa udongo wa kichuguu, ndiyo sababu hata leo mvua haiwezi kuyala. Ukipitisha mkono kwenye ukuta wa kaskazini utakuta baadhi yana kishimo kidogo cha kidole gumba. Kila mtengenezaji alikuwa anaacha alama yake. Juu ya milango waliweka mataruma ya reli, mbao zile nyeusi zinazonuka mafuta. Dirisha la duara juu ya mlango mkubwa walilipa vijiti kama gurudumu la injini, kwa kuwa ndiyo duara waliyoijua vizuri. Na ndani, matao. Matao manne ya tofali yaliyobeba paa lote, mapana, bila nguzo hata moja katikati. Ukiingia kutoka kwenye jua ulikuwa unaona giza kwanza, halafu tao moja baada ya jingine linajitokeza, na ulijikuta unasema polepole bila kuambiwa.

Sasa wewe, hata kabla ya kuingia darasani, unajua tao hufanya nini. Husukuma nje. Usiku na mchana, miaka yote, linasukuma kuta. Wazee wale walijua. Hawakuwa na chuma cha kununua, wakachukua reli nne za zamani, wakazipitisha kutoka ukuta hadi ukuta, wakazifunga kwa nje na vibao vya chuma. Reli hizo ndizo zilizokuwa zinaishika mikono ya kanisa isifunguke.

Zilikuwa chini, lakini. Hilo ndilo lililotuponza. Msalaba wa maandamano ulikuwa na mti mrefu, familia za kambi ziliuchongesha kwa fahari, na kila Jumapili mbebaji alipoingia alilazimika kuuinamisha mara nne, reli moja baada ya nyingine, mpaka afike altareni. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu. Wakubwa walikuwa wanaona haya. Mwaka ule tulipojiandaa kwa sikukuu ya kanisa, na wageni wa Kabongo na wa Bukama walikuwa wanakuja, mzee wa kamati alisimama baada ya misa akasema jambo ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni.

"Juu ya nini musalaba ya Mungu inainamia reli? Siye tunainamaka ku kazi kila siku. Hata humu mu kanisa?"

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia. Halafu wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwashi wao, kijana mwenye shati jeupe na penseli sikioni, na mama yako alikuwa ameketi upande wa korali akinitazama. Mzee akaniuliza kama reli zinaweza kuondolewa. Ningesema nahitaji wiki moja ya kutazama. Ningesema tufupishe mti wa msalaba. Kazi ya dakika tano. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko nilivyoomba Baba Yetu. Nikasema: "Kuta hizi zimesimama tangu babu zetu. Zimekwisha kuzoea. Hazihitaji kushikwa tena." Nikashauri tuanze na mbili za upande wa mlango, hizi za altare zifuate baada ya sikukuu.

Tulikata siku ya Jumanne kwa moto wa gesi kutoka karakana. Tuliitegemeza reli kwa mbao chini, watu wakasimama pembeni wakitazama. Na hapa, mwanangu, ndipo ninaporudi kila siku. Chuma kilichokaa tu ukikikata, ncha mbili zinabaki pale pale zinaangaliana. Reli ile ilipokatika ilitoa sauti, mlio mfupi, na ncha mbili zikaachana. Upana wa vidole viwili. Ziliachana mbele ya macho yangu. Maana yake ni kwamba ilikuwa inavutwa, ilikuwa kazini, ilikuwa inashika kwa nguvu zake zote mpaka dakika ile. Nililiona na nililielewa pale pale juu ya ngazi, moto ukiwa bado mkononi. Chini watu walikuwa wanashangilia.

Mtu mmoja hakushangilia. Alikuwa mama mmoja mzee aliyekuwa anafagia kanisa, mjane wa mfanyakazi wa njia ya reli, mfupi, mwenye kitambaa cha bluu kichwani siku zote. Alikuja chini ya ngazi na ufagio wake.

"Fundi," akaniambia, "ile chuma ilikuwa inakamata kitu."

"Iliachia tu, mama. Ni moto."

"Aya," akasema. "Weye njo fundi."

Ndiyo, fundi nilikuwa mimi. Nikapanda nikakata ya pili. Nayo iliachana.

Jina lake lilikuwa Ngoie. Ndiyo, mama. Huyo ndiye majina wako, mwenye jina tulilokupa. Wewe umekuwa ukiambiwa kwamba alikuwa rafiki wa familia. Ngoja.

Sikukuu ilikuwa nzuri. Msalaba uliingia umesimama hadi katikati ya kanisa, watu walilia, nami nilipewa kiti cha mbele. Kipande kimoja cha reli tulichokata tukakitundika nje kwenye mti, kiwe kengele. Sauti yake ilisikika mpaka stesheni. Ni hicho hicho wanachogonga leo kwenye kanisa jipya la mabati, ambacho ulipokuwa mdogo ulisema kina sauti tamu kuliko ya shule. Kila Jumapili asubuhi kinanigongea, na kila Jumapili mimi ninavaa viatu na kwenda.

Mvua zilipoanza, ufa ukatokea. Ulianzia juu ya dirisha la pili upande wa kaskazini, mwembamba kama uzi. Nilifanya kama tulivyofundishwa. Unapotaka kujua kama ufa umelala au unatembea, unabandika juu yake kipande cha plasta nyeupe, cha ukubwa wa kiganja, kinashika upande huu na upande ule. Unaandika tarehe juu yake. Plasta ni ngumu lakini haivumilii kuvutwa. Ufa ukisogea hata kidogo, inavunjika. Mafundi wanaiita shahidi. Nikabandika, nikaandika tarehe ya siku ile kwa penseli yangu, nikamwonyesha mzee wa kamati. Akafurahi kwamba kijana wao anajua kazi.

Baada ya wiki tatu Mama Ngoie alikuja nyumbani asubuhi, kabla sijaenda kazini.

"Fundi, plasta yako ilivunjika."

Nilikwenda. Ilikuwa imevunjika katikati, nusu imeanguka chini. Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa mzee wa kamati na kusema: funga kanisa, nilikosea, turudishe reli. Badala yake nilichanganya plasta nyingine nikabandika pale pale. Na nilipochukua penseli kuandika tarehe, niliandika ile ya kwanza.

Soma tena hapo, usipite haraka. Niliandika tarehe ya zamani ili atakayetazama aone kwamba shahidi amekaa tangu mwanzo bila kuvunjika. Sikusema uongo wowote kwa mdomo. Niliubandika ukutani, tena kwa mwandiko mzuri.

Ilivunjika tena. Nikabandika tena, tarehe ile ile. Ikavunjika mara ya tatu. Kila mara alikuwa Mama Ngoie anayekuja kuniambia, bila kelele, akisimama mlangoni na kitambaa chake cha bluu. Mara ya tatu alinyoosha tu kidole kuelekea kanisani. Nikamwambia nitakwenda. Nilikwenda.

Alichofanya yeye ni kuwaambia wanawake wenzake bombani. Akawaambia ukuta unatembea. Wanawake wakacheka, halafu wakaogopa, halafu wakamtuma mama yako aniulize. Mama yako alikuwa na mimba yako wakati huo. Aliniuliza mbele ya watu, pale bombani, niliposimama na baiskeli yangu.

"Mama Ngoie anasema ukuta ya kanisa inatembea. Iko kweli?"

Nikacheka. Nikasema Mama Ngoie amezeeka, macho yake ndiyo yanayotembea. Wote wakacheka, naye alikuwa pale, ndoo yake imejaa nusu. Alisubiri ijae. Akaibeba akaenda. Mwanangu, nimeona watu wakifa relini, nimemzika baba yangu na ndugu zangu wawili, na hakuna kitu kinachonirudia kama yule mama akisubiri ndoo ijae.

Ukuta ulianguka Ijumaa, mchana mweupe, hata mvua yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Ilianguka sehemu yote ya mlango, matao mawili na paa lake, kuta zikakatika juu kidogo ya vipande vya reli vilivyobaki ndani yake, na dirisha la gurudumu likavunjika vipande. Upande wa altare, chini ya reli mbili ambazo bado hatukuwa tumezikata, haikuanguka hata tofali moja. Wewe mwenyewe umeona. Korali ilikuwa imeondoka nusu saa kabla. Ndani alikuwa mtu mmoja tu, anafagia baada yao.

Mimi ndiye niliyeongoza kuondoa matofali. Nani mwingine, fundi nilikuwa mimi. Tulimpata jioni. Na nilipokwenda kwenye kichumba chake nyuma ya altare kutafuta shuka la kumfunikia, kati ya mifagio nilikuta kopo la maziwa ya unga. Nilipolitikisa likalia. Ndani kulikuwa na vipande vya plasta, vimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Mashahidi watatu, kila mmoja nusu yake iliyoanguka chini, na juu ya kila nusu, kwa mwandiko wangu, tarehe moja ile ile. Hakujua kusoma, mwanangu. Lakini alikuwa anajua kulinganisha. Aliona alama zinafanana wakati plasta ni mpya, akaelewa ninachofanya, akaviweka. Sijui alikuwa anasubiri kumwonyesha nani. Labda alikuwa ananisubiri mimi.

Nililificha kopo ndani ya shati langu, nikatoka na shuka.

Kwenye kilio, matanga yake, watu walianza kusema. Walisema alijua kabla, kwa hiyo ni yeye aliyefanya, kwa uchawi. Anayejua ukuta unatembea ndiye aliyeutembeza. Walisema kwa sauti ndogo siku ya kwanza na kwa sauti kubwa siku ya tatu. Mdogo wake, Mama Kapya, alikuja kutoka Bukama na treni kumlilia, akiwa na mkeka wake na samaki wa kupikia watu. Samaki wale hawakuliwa. Hakuna nyumba iliyompokea kulala, naye alilala stesheni na mkeka wake mpaka treni ikapita. Mimi nilikuwa kwenye kilio kile. Nilikaa na wanaume. Neno moja tu lingetosha, na kopo lilikuwa kwenye sanduku langu la zana, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Wewe ulizaliwa miezi minne baadaye. Nikasema utaitwa Ngoie. Mama yako alikataa siku tatu. Nani anampa mtoto jina la mtu aliyezikwa na maneno kama yale? Nilisisitiza mpaka nikapandisha sauti, jambo ambalo sikulizoea. Watu wakasema fundi ana moyo mzuri, hamwogopi marehemu. Nilidhani nikikupa jina lake litapata mahali pa kukaa, litaitwa asubuhi na jioni kwa upendo, na mimi nitapumua. Haikuwa hivyo. Kila nilipokuita uje kula, nilikuwa naita wawili, na mmoja haji.

Sasa utaelewa mambo uliyokuwa unaniuliza ukiwa mdogo nami nakujibu kwa utani. Kwa nini sisi tunakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, katika kanisa lolote. Kwa nini nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza kuta kisha namsalimu. Kwa nini nilikukataza kucheza kule kwenye gofu, na watoto wengine wote wakakatazwa pia, lakini kwa sababu nyingine: walisema anasikika Mama Ngoie anafagia.

Hilo la ufagio lazima nikuambie. Ni mimi. Kwa miaka mingi nimekwenda kule alfajiri, mara moja kwa wiki, na ufagio, kufagia upande wa altare. Sikujua kitu kingine cha kumfanyia. Watu wakipita kwenda shambani wakasikia, wakakimbia, hadithi ikaenea, nami nikaiacha ienee kwa kuwa nimezoea kuacha mambo yaenee. Nilikuwa nacheka peke yangu kwamba mzimu wa Kamina ni mwashi mstaafu mwenye kikohozi.

Halafu mwaka juzi niliugua, unakumbuka, ulininywesha uji kwa kijiko. Wiki tano sikutoka kitandani. Nilipopona, jirani yetu aliniambia kwamba wiki zote zile ufagio ulisikika kama kawaida. Nilikwenda kutazama. Vumbi halikuwepo. Upande wa altare ulikuwa safi, na majani yamekusanywa pembeni kwa mtindo wa Mama Ngoie, fungu dogo dogo chini ya kila dirisha, ambao mimi sikuwahi kuufuata. Sikuambii uamini nini. Nakuambia nilichokiona, na kwamba tangu siku hiyo sijafagia tena. Nilielewa kwamba sikutakiwa kufagia, nilitakiwa kusema.

Mama yako nilimwambia juzi. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani, nikafunga mlango, nikasema yote. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nilipomaliza.

"Minyi nilijuaka," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Unasemaka mu usingizi. Nilikuwa nangojea useme mu mucana."

Miaka yote hii, Ngoie. Alikuwa amelala kando ya jambo hili, analisikia, ananipikia, anangoja. Nikamuuliza kwa nini hakunisukuma. Akasema angenisukuma ningeanguka upande mwingine. Nimeoa mwanamke anayejua kujenga kuliko mimi.

Sikuandiki haya ili unionee huruma, wala ili nikufundishe. Walimu utawapata, watakuambia mengi kuhusu chuma na tofali. Kuna moja tu ambalo labda hawatakuambia kwa kuwa hawajalifanya. Kukosea juu ya ngazi ile kulinichukua dakika moja, na ningeweza kusamehewa kabla ya jua kuzama. Ni plasta ya pili iliyomuua Mama Ngoie. Ile ya kwanza ilikuwa kazi nzuri.

Sasa, kuhusu kesho. Wewe unajua kwamba mimi na mama yako tutakusindikiza stesheni. Usichokijua ni kwamba nami nimekata tiketi, mpaka Bukama. Koti langu limo ndani ya mfuko wa mama yako, ndiyo sababu alikuwa anakufukuza ulipotaka kuupanga. Barua hii nitakupa treni ikishaondoka, na mimi nitakwenda kukaa behewa la nyuma, ili usome bila uso wangu mbele yako. Njia ni ndefu, na treni yetu unaijua, inasimama hata kwa mbuzi. Utakuwa na muda.

Fungua bomba lako. Chora reli mbili zilizokosekana, ya kwanza na ya pili kutoka mlangoni, kwa kimo kile kile cha zile za altare. Vipande vilivyomo ukutani vitakuonyesha mahali. Futa yale maneno kuhusu mvua. Uandike utakavyoona wewe. Jina langu unaweza kuliweka.

Mama Kapya bado yuko hai. Anauza samaki wakavu Bukama, karibu na reli, nilimuulizia kwa dereva mmoja wa treni. Nitashuka na lile kopo. Nitamwambia kama nilivyokuambia wewe, na vipande viwili nitamwachia yeye. Cha tatu nimekifunga kwenye soksi zako za sufu, chini kabisa ya sanduku, ni chako. Kisha nitarudi Kamina, na Jumapili ile reli itakapogongwa nitakwenda kukaa benchi la mbele, na baada ya misa nitasimama. Naogopa, mwanangu. Naogopa wale watu, na zaidi naogopa kwamba utafika mwisho wa ukurasa huu na hutataka kuniita baba.

Bukama treni husimama muda wa kutosha. Ukitaka kubaki kitini, baki. Nitaelewa, na sitatazama dirishani kwako. Ukitaka kushuka, nitakuwa pale chini na kopo mkononi. Yule mama ataniuliza mimi ni nani, na hilo nitajibu mwenyewe. Halafu atakutazama wewe, akuulize jina lako.

Baba yako